Karatasi Haina Mteremko

Walibandika ramani ukutani, darasa la nne B,
Shule ya Msingi Buyuni, Jumamosi, saa tatu,
kwa gundi ya ugali, maana pini hazikutosha.
Njano ni makazi. Nyekundu, biashara.
Kijani ni pa kupumzikia watu
ambao bado hawajaja kuchoka huku.
Zambarau sikuuliza.

Mimi nilikuwa mshika utepe.
Kazi yangu kunyoosha, kusimama, kuitikia "hamsini!"
na kupigilia vigingi penye ardhi isiyotaka.
Wiki sita nimekatiza viwanja vya watu
nikiruka mihogo, nikiomba radhi kwa kuku.

Watu wakaja kujitafuta.
Si mchezo, mtu kujitafuta kwa kidole.
Mwinshehe alijikuta katikati ya barabara ya mita ishirini,
akacheka: "Basi nitasogea pembeni, magari yapite."
Mikorosho tisa ya Bi Zinduna imekuwa stendi.
Kondo hakujiona kabisa;
alirudi mara tatu, akauliza
kama nyuma ya karatasi kuna kitu.

Afisa mipango, Bi Kokushubira, alimjibu kila mmoja
kwa upole wa mtu aliyekula vumbi tangu Kibada.
Naye si mbaya. Niseme hilo mapema.
Alisema mji usipopangwa hujipanga wenyewe,
na ukijipanga wenyewe, siku ya moto
gari la zimamoto hugeuzia barabarani.
Kweli tupu. Nani atabisha?

Ndipo akanyanyuka Siwazuri, muuza chai,
ambaye kwenye orodha ya mahudhurio aliandikwa "huduma".
"Mama, mkondo wa masika uko rangi gani?"

Mkondo upi?

"Unaotoka makaburini kwa kina Pazi,
ukapita nyuma ya zahanati, ukalala kwenye mikoko.
Kiangazi ni njia ya mbuzi. Masika hauna adabu."
Bi Kokushubira akatazama. Pale palikuwa njano.
Viwanja arobaini na viwili vya njano,
vimekaa kama meno.

Siwazuri akaomba nakala ndogo, ile ya mezani,
akaimiminia chai ya tangawizi, kikombe kizima.
Chai haikwenda kokote. Ikatanda.
"Umeona? Karatasi yako haina mteremko.
Sisi tunao."

Hakuna aliyecheka. Nje, mtoto alikuwa anagonga
rimu ya gari inayotumika kama kengele,
anaigonga bure tu, siku isiyo ya masomo.
Kisha afisa akatoa kalamu ya buluu.
"Nionyeshe."
Wakainama wawili, vichwa vikikaribia kugusana,
wino ukiingia kwenye chai, mstari ukitambaa
hadi kiwanja namba mia moja na kumi na saba,
ukakipasua kama samaki wa kukaushwa.

Nakijua kiwanja hicho.
Nilikiuza mimi, mwezi wa saba wa mwaka jana, ardhi kavu,
kwa Editruda, muuguzi wa Tandika,
nikala cha juu laki mbili, nikanunulia bati.
Aliniuliza, "Na maji je?"
Nikamwambia, "Maji hapa huyafuati. Yanakufuata."
Sikusema uongo.

Msingi umeshapanda kozi nne.
Kila akilipwa mshahara ananitumia picha:
"Kaka, hiki ndicho chumba cha mama. Dirisha litapata upepo."

Alasiri nikatumwa na nyundo kung'oa vigingi vya mstari ule.
Cha mia moja na kumi na saba kilikuwa kimeshika ardhi
kama gego. Nikakitikisa, nikakitukana, kikatoka.
Nikachungulia shimo. Mwezi wa tisa, jua lote hili,
ndani palikuwa pabichi.

Nikakaa juu ya tofali zake.
Nikampigia.
Akapokea mlio wa kwanza, kwa furaha:
"Kaka! Nilitaka kukupigia. Picha umeziona?"